Sauti ya Tano

Chupa ile ilianza kuimba Jumanne moja saa nne asubuhi, bomba likiwa limefungwa na mashine zote zimezimwa.

Colombe aliitoa mikono kwenye karai la povu akasikiliza. Alikuwa peke yake katika chumba cha kuoshea vyombo, chumba chembamba chenye dirisha moja lililotazama ziwa. Kwa miaka mitatu ya kazi alikuwa amezijua sauti za pale kama mama anavyojua vikohozi vya watoto wake: frigo ikikoroma, bati likialika kwa jua, panya weupe wakikwaruza vizimba upande wa pili wa ukuta. Hii haikuwa mojawapo. Ilikuwa sauti moja nyembamba, haipandi haishuki, kama ya mtu aliyeshika noti ya kwanza ya wimbo akingoja wenzake waingie. Ilitoka kwenye ubao wa kukaushia, ndani ya chupa moja ya mviringo yenye shingo ndefu. Alipoigusa kwa ncha ya kidole, ikanyamaza.

Akainusa. Kila chombo cha nyumba ile kilikuwa na harufu yake. Kimoja kilinuka kitunguu kilichooza, kingine rangi ya viatu, kingine kilichoma pua mpaka machozi yakatoka. Chupa hii haikunuka kitu. Hata sabuni aliyoioshea dakika mbili zilizopita haikunuka ndani yake.

"Firmin," aliita kwa sauti ya chini. "Kuya uone."

Ulikuwa mwaka wa 1973, na majina ya ubatizo yalikuwa yamepigwa marufuku tangu mwaka uliotangulia. Mbele ya wageni yeye aliitwa Citoyenne, yaani Raia, Nabintu, na Firmin, mpimaji wa dawa, aliitwa Citoyen Cirhuza. Wakiwa peke yao waliitana kama padri alivyowaita kwenye maji.

Firmin alikuja akijifuta mikono kwenye koti lake jeupe. Alikuwa mtu wa Katana, mpole, asiyependa maneno mengi. Alipoona chupa yenyewe ni ipi, alirudi nyuma hatua moja.

"Ile njo chupa ya numero vingt-sept," alinong'ona. "Uiache. Kuya kwanza nikuonyeshe kitu."

Alimpeleka kwenye chumba cha panya. Vilikuwa vizimba kumi na viwili, vingine vimeelekea dirishani, vingine mlangoni, vingine ukutani. Katika kila kizimba panya mmoja alikuwa amesimama kwa miguu ya nyuma, hatikisi hata sharubu. Na wote kumi na wawili, popote kizimba kilipoelekea, walikuwa wamegeuza vichwa kutazama kona moja ya dari. Colombe naye akatazama. Palikuwa na chokaa nyeupe tu.

"Tangu saa mbili biko vile," Firmin alisema.

"Na Docteur anasema nini?"

"Hasemi kitu. Anaandika tu."

Docteur Claessens alikuwa Mbelgiji mkimya aliyevaa soksi mbili mbili hata siku za jua. Kampuni fulani ya dawa ya huko Ulaya ilikuwa imempangishia ile nyumba ya manjano, katika mojawapo ya zile rasi za Bukavu zinazoingia ziwani, na humo alitafuta dawa ya wagonjwa wa akili. Hakuitafuta kwenye majani wala mizizi. Aliitengeneza mwenyewe kutoka poda moja hadi nyingine, chupa kwa chupa, tone kwa tone, mpaka akapata kitu ambacho hakikuwahi kuwapo duniani, akakipa namba; kipya kilikuwa vingt-sept, cha ishirini na saba.

Ijumaa ya wiki ile Colombe alimkuta Docteur amekaa kwenye kiti cha chumba cha panya, uso ameuinua kwenye kona ileile, machozi yanamtiririka hadi kwenye ukosi wa shati. Mezani palikuwa na glasi tupu.

"Colombe," alisema, bila kukumbuka ile amri ya majina. "Unasikia? Iko moja zaidi."

Baada ya siku kumi na tano nyumba ikafungwa. Docteur alimwamuru Firmin aue panya na achome karatasi, akamwamuru Colombe avunje kila chombo cha kioo, asibakize hata kimoja. Kisha akaingia garini kwenda uwanja wa ndege wa Kavumu, pamba amezijaza masikioni mpaka zimetokeza nje.

Colombe alivunja. Alivitia vyombo kwenye gunia akavipiga nyundo, na kila pigo lilimuuma, kwani ni mikono yake iliyoving'arisha miaka mitatu. Alipofika kwenye ile chupa ya mviringo, nyundo ikamwia nzito. Ilikuwa nzuri mno. Akaizungushia kitenge, akaitia kwenye kikapu chake, akaenda nayo nyumbani.

Wala hakuichukua kwa tamaa yake. Mume wake, Grégoire, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi na maestro wa korali ya parokia, naye alikuwa na koo linaloumwa upesi. Kila Jumamosi kabla ya mazoezi alikunywa maji ya asali. Kuna wanaopendana kwa macho. Hawa wawili walipendana kwa sikio. Miaka saba nyuma, kwenye matanga ya mtu, Grégoire alikuwa amesikia sauti ya msichana nyuma ya ukuta wa matete akauliza, "Nani ule anashika alto kama mutu anashika mutoto muchanga?" Hakuondoka pale mpaka alipomwona. Basi Colombe alipoiona chupa ile, aliona asali ikimetameta ndani yake, na mkono wa mumewe umeishika shingo.

Aliiosha mara saba, kwa majivu, kwa sabuni, kwa maji yanayochemka. Kifuniko chake cha kioo alikifuta kwa kitambaa tu.

Jumamosi Grégoire alikunywa, akasifu chupa, akamchukua mkewe wakaenda kanisani. Ilikuwa saa tisa alasiri. Jua liliingia kwa madirisha ya upande wa ziwa, na watu ishirini na wawili walisimama kwa mafungu manne: soprano, alto, tenori na basi. Grégoire aliinua mikono. Sauti zikaingia vizuri, moja baada ya nyingine, kama watu wanaoingia nyumba wanayoijua.

Walipofika ubeti wa pili mikono yake ilisimama hewani.

"Nani huyo?"

"Nani, Maestro?" aliuliza Constantin, mwashi mnene aliyeongoza sauti ya basi.

"Mwenye kuimba juu yenu. Sauti ya tano. Rudieni."

Wakarudia. Na safari hii Colombe akaisikia: sauti ile nyembamba ya chumba cha kuoshea, haipandi haishuki, imejipenyeza kati ya alto na tenori mahali ambapo hapakuwa na nafasi, ikazisukuma. Wimbo waliouimba miaka mitano ukaanza kwenda kwingine. Waliimba noti ambazo hakuna aliyewafundisha, midomo yao ikafunguka pamoja, ikafungwa pamoja, na polepole, bila kuambiana, vichwa vyote ishirini na viwili vikageuka vikatazama kona ya juu ya mlango wa sakristia. Colombe alikuwa amekwisha kugeuka kabla hajajua kwamba amegeuka. Hapakuwa na kitu, ila doa la unyevu.

Wimbo ulikatika.

"Maestro," Constantin alinong'ona, "haikuwa sisi."

Grégoire alikuwa akicheka huku analia. "Imbeni," alisema. "Musimuache peke yake."

Hawakuimba. Walitoka mmoja mmoja, wakijipiga ishara ya msalaba.

Njiani Grégoire alimwambia mkewe mambo ya ajabu. Alisema sauti za alto zilikuwa maji ya kijani na alikuwa amesimama ndani yake hadi kiunoni. Alisema kuta za kanisa zilikuwa zikivuta pumzi. Macho yake yalikuwa meusi tupu, mboni imekula rangi yote, na Colombe alipoyatazama alimwona Docteur Claessens kwenye kiti. Walipofika, aliichukua chupa akaipasua kwenye jiwe nyuma ya nyumba, akavifukia vipande, akafukia na kifuniko, akafukia na jiwe.

Asubuhi mumewe aliamka mzima. Alikula, akaenda kwenye misa, akasalimia watu. Colombe akamshukuru Mungu. Kumbe jambo lilikuwa bado kuanza.

Jumatano jioni, jua likiwa bado juu, Colombe alikuwa bombani anateka maji aliposikia mtoto wao Noëlla, wa miaka minne, akipiga ukelele wa kupasua roho. Alitupa ndoo akakimbia. Mtoto alikuwa ameshika ukingo wa mbabula, lile jiko lao la chuma, makaa yamewaka mekundu, na kiganja kimeganda kwenye chuma. Hatua mbili kutoka kwake, juu ya kigoda, alikaa baba yake. Alikuwa amewapa mgongo, na kwa kipande cha makaa yaliyozimika aliandika ukutani, do, re, mi, mstari juu ya mstari, kwa raha, huku mtoto wake anaungua. Colombe alimng'oa mtoto, akamtia mkono majini. Hapo tu, kivuli kilipopita ukutani, ndipo Grégoire alipogeuka.

"Analia?" aliuliza, akitazama kinywa cha mtoto kilichofunguka. "Colombe, mutoto analia? Sikumusikia."

"Unaikala karibu yake, Grégoire!"

"Naona mudomo tu. Sauti haitoki." Akainamisha kichwa upande, kama mtu anayesikiliza jirani. "Soprano zote zimekwenda. Tangu Jumatatu. Watoto wa shule wanacheza midomo tu."

Jirani yao Marie-Louise alileta mafuta ya kidonda, akaona kuta zilivyochafuliwa, akasema kwa sauti ndogo kwamba hilo ni shetani na padri aitwe. Padri akaja Alhamisi. Grégoire alipiga magoti, akaitikia kila sala vizuri kabisa. Lakini kila padri alipofika kwenye Amina, kitu kingine kiliishika ile Amina kwa sauti nyembamba, kikaivuta, kikaivuta, mpaka padri akasahau mahali alipokuwa kwenye kitabu. Alinyunyiza maji ya baraka akaaga mapema.

Ijumaa mchana Grégoire alimkalisha Colombe mbele yake.

"Sema kitu," alisema.

"Niseme nini?"

"Sema kitu, mama."

"Niko nasema, Grégoire. Niko nasema!"

Alimtazama midomo. Akanyosha mkono akaweka kiganja kwenye koo la mkewe, akahisi linavyotetemeka, na uso wake ukavunjika.

"Na wewe amekubeba," alisema. "Alto imekwenda."

Siku ya pili yake, asubuhi, Colombe alimwacha mtoto kwa Marie-Louise akamtafuta Firmin. Siku hizo Firmin alipima vidonge katika duka la dawa huko Nyawera. Alipoyasikia yote, alifunga dirisha la duka.

"Ulisafisha kifuniko?" aliuliza.

"Nilikifuta na kitambaa tu."

"Docteur alinifasiria siku moja," Firmin alisema polepole. "Ndani ya bongo kuko mulinzi ku mulango. Kila dakika dunia nzima inataka kuingia: kelele, rangi, mambo ya zamani. Mulinzi anafukuza karibu yote, anaachia ile kidogo tunahitaji juu ya kuishi. Na bongo iko na mujumbe wake mwenyewe, ule anapita ku mulango kila siku bila kuulizwa. Sasa, ile vingt-sept ilifanywa na sura kama ya ule mujumbe. Mulinzi anaiona, anafikiri ni mutu wa nyumba. Anafungua."

"Na kisha?"

"Kisha bile byote bilikuwa inje binaingia." Alichungulia mlangoni. "Lakini ile dawa inatoka, Colombe. Chembe yake iko ndogo kupita chembe ya chumvi. Siku moja, mbili, imekwisha mwilini. Grégoire alikunywa lini?"

"Jumamosi iliyopita. Leo siku saba."

Firmin alijifuta uso kwa kiganja.

"Basi dawa ilisha kutoka zamani," alisema. "Chenye kilibakia, haiko dawa."

Jumatatu alfajiri walipanda kamyo, lori la viazi, kwenda Mudaka, kwa shangazi yake Firmin aliyeponya watu kwa majani. Grégoire walimketisha katikati yao. Tangu Jumapili hakula. Sauti za tenori zilikuwa zimezimika, na sauti yake mwenyewe pamoja nazo, hivyo alikuwa ameacha kusema. Alitabasamu tu kuielekea kona ya turubai. Ukungu ulikuwa mzito, na katika ukungu ule Colombe aliona abiria mmoja baada ya mwingine wakigeuza vichwa kuitazama kona ileile, kisha wakijishangaa.

Mama Madeleine, shangazi mwenyewe, walimkuta akipalilia maharagwe, nyonga moja mbovu, rozari shingoni. Aliweka jembe chini kabla hawajafika.

"Mumeleta nini kwangu?" alisema. Hakuwa amesalimia.

Hata hivyo aliwaingiza. Alifukiza majani, akamnywesha Grégoire kitu kichungu, akasali Salamu Maria, na baada ya Salamu Maria akasema maneno ya Kishi, lugha ya kwao, yaliyokuwa ya kale kuliko kanisa. Alimpakatisha kuku mwekundu. Sauti nyembamba ikasikika ikitoka, ikizunguka chumba juu ya vichwa vyao kama nzi. Kuku akanyosha shingo kuelekea kona ya paa, akafungua mdomo bila kulia, akaanguka amekufa. Sauti ikazunguka tena mara moja, kwa haraka, kama mtu anayegonga milango usiku wa mvua. Kisha ikarudi kinywani mwa Grégoire, naye akakifunga.

Mama Madeleine alikaa chini.

"Iko naogopa inje," alisema. "Sikiliza, mutoto wangu. Kila jani iko na mama. Yale majani ya kufungulia batu macho, nayajua; moja iko hapa nyuma ya choo. Mutu akikunywa, muzimu ya jani inakuja, inamuonyesha bitu byake, kisha namwambia, rudia ku mulima yako, mama yako anakuita. Inarudia. Batu ya Kasongo banasema jini, na jini nayo iko na kwabo. Hii yenu nimeiuliza mara tatu, mama yako nani? Haina jibu. Nani aliifanya?"

"Muzungu," Firmin alisema. "Mu chupa."

"Na mizizi yake?"

"Haina mizizi, Tante. Tulianza na poda."

Mwanamke yule alivuta kigoda chake mbali kidogo na mpwa wake.

"Basi munataka niifukuze iende wapi?"

Mvua ilianza kupiga bati. Firmin alisema neno kwa sauti nene, karibu na sikio la Grégoire, na Grégoire hakupepesa jicho. Sauti ya basi nayo ilikuwa imekwenda. Sauti zote nne za dunia zilikuwa zimezimwa, na mtu yule alikaa katikati yao kama mtu aliyefungiwa kaburini na mgeni mmoja anayeimba.

"Itakaa kwake mpaka lini?" Colombe aliuliza.

"Mpaka nyumba ianguke. Siku tatu, ine."

"Na ikipewa nyumba ingine?"

"Usiseme ile neno hapa ndani," Mama Madeleine alisema.

"Ni mimi niliibeba ku kikapu, Maman. Haikumutafuta yeye."

"Haiwezi kuhama, bibi. Mulango yako imefungwa. Na mimi sina funguo ya kitu ya chupa."

Wakati huo Firmin alianza kulia. Aliingiza mkono katika mfuko wa shati, akatoa pamba, na ndani ya pamba kulikuwa na kichupa cha kahawia kisichozidi kidole cha mtoto.

"Vingt-sept kidogo ilibakia, nikaificha," alisema. "Nilitaka kujua Docteur alisikia nini. Kila asubuhi nasema, leo nitavunja."

Walibishana kwa kunong'ona muda mrefu. Mwishowe Mama Madeleine alimshika Colombe mashavu.

"Sikia. Ukiipa nyumba, uipe chumba kimoja tu. Usiipe nyumba yote. Na utangulie kuipa kitu chako mwenyewe, kitu inakuuma, njo itaheshimu mupaka."

Colombe alikunywa kilichokuwa ndani ya kichupa. Hakikuwa na ladha yoyote.

Kwa nusu saa hapakutokea kitu, ila mvua. Kisha akaona kwamba mvua ilikuwa na rangi. Kila tone lililopiga bati liliacha duara la shaba hewani, na maduara yakagusana, na alipogeuza macho yakaburutika nyuma ya macho kama nyuzi. Udongo wa ukuta ulivuta pumzi, ukatoa. Akasikia maharagwe yakikua shambani. Akasikia damu ya Firmin, akasikia nyonga ya Mama Madeleine ikisaga, akasikia mtoto wake Noëlla akilala Bukavu na kiganja kinachowasha, na sauti nyingine zikaja nyuma ya hizo, watu wa matanga yote aliyowahi kuhudhuria, kengele, nyundo, kila chombo alichokivunja kikilia kwa zamu yake, zikaingia bila kubisha, zikajazana mpaka akasahau ni nani anayesikia na ni nini kinachosikika, akawa kama mlango usio na nyumba, na upepo unapita, unapita, na kila alipojaribu kulishika jina lake likayeyuka mkononi kama sabuni, na akajua kwamba angeweza kubaki hivyo milele wala asingemkumbuka aliyebaki.

Halafu vyote vikanyamaza, kwa sababu ile ilikuwa imeingia.

Haikuwa na umbo. Ilikuwa kama pengo mdomoni ambapo jino limeng'oka, na ulimi hauwezi kuacha kulirudia. Ilisimama mbele yake na noti yake moja, haipandi haishuki, na Colombe kwa sababu alikuwa mwimbaji akaielewa: ilikuwa noti ya anayengoja kujibiwa. Tangu ilipofanywa hakuna aliyeijibu. Ilikuwa ikizima sauti nyingine ili isikilize kama miongoni mwao iko ya mama yake. Na haikuwa na huruma hata chembe, kwani hakuna aliyeizaa akaifundisha.

"Chumba kimoja," Colombe aliiambia. "Na mbele ya kuingia, ubebe hii."

Akaiimbia alto. Aliimba yote aliyokuwa nayo, ile ya matanga, ile ya harusi yao, ile aliyombembelezea mtoto. Kila noti ilipotoka haikurudi. Alihisi zikichunwa kooni moja moja kama nyama kwenye mfupa, akaendelea, mpaka ikabaki pumzi tupu. Ndipo pengo lile likasogea, likainama, likaingia.

"Mvua," mtu alisema. "Mvua inanyesha."

Alikuwa Grégoire. Alikuwa amesimama katikati ya chumba, mikono juu ya masikio. Firmin alimkumbatia. Nje jioni ilikuwa imekaribia.

"Colombe?" Grégoire aliita. "Colombe, sema kitu."

Alikawia kidogo kujibu, kama mtu anayengoja mwingine amalize kwanza.

"Niko hapa," alisema, na sauti yake ilikuwa kavu, bapa, kama mbao mbili zinazogongana.

Walirudi Bukavu. Grégoire alipaka kuta chokaa. Korali ilirudi kwa sauti nne, na Constantin alizihesabu kila Jumamosi kwa vidole kabla ya kukubali kuanza. Colombe alipata kazi ya kufua katika shule ya masista. Kanisani alisimama nyuma karibu na mlango, na alto zikikaribia kuingia alitoka nje akakaa kwenye ngazi mpaka wimbo uishe. Watu walisema amekuwa mtu wa taratibu. Mumewe alimpenda kuliko zamani, akajifunza kutomuuliza anasikiliza nini.

Mwaka ukapita. Alasiri moja ya Aprili Grégoire aliingia kutoka shule akiwa na furaha, amebeba samaki kwenye jani la mgomba. Noëlla na watoto wa Marie-Louise walikuwa uani wakiruka kamba, wanahesabu kwa Kifaransa, wanakosea, wanacheka kwa nguvu zote. Colombe alikuwa amesimama katikati ya nyumba na nguo mbichi mikononi, hatikisiki. Maji yalikuwa yakimdondokea miguuni.

"Mama," Grégoire alimwita. "Kuko nini?"

Aliinua kidole mdomoni. Uso wake ulikuwa umegeuka kidogo kuelekea kona ya dari, lakini macho alikuwa ameyafumba.

"Uende uambie batoto bacheke polepole," alinong'ona. "Ule wa ndani yangu ameanza kubageukia."